Kwa Colin, Uliyezikwa Bila Mtani

Colin, mtani wangu,

Ni mimi Maganga, wa upande wa pili wa uzio. Nakuandikia Kiswahili makusudi. Ulipokuwa hai ulijua maneno mawili tu, "mimi mjinga", niliyokufundisha nikikuambia ndiyo salamu ya asubuhi. Ulimsalimia hivyo binti yangu Neema miezi sita, naye kwa adabu zake akawa anaitikia. Huko uliko nadhani sasa unaelewa lugha zote, kwa hiyo umeshajua. Nisamehe, au usinisamehe, shauri yako.

Situlii. Tangu ufariki nauzunguka ua wetu wa nyuma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Neema ananiambia, "Baba, kaa basi." Nakaa. Nanyanyuka tena.

Nikukumbushe, maana ulikuwa mgumu kuelewa. Kwetu Unyamwezini mtu ana watani, na mtani ana kazi yake msibani. Wenzake wakilia, yeye anamwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokoroma, alivyoficha nyama wageni wakija. Bila hivyo mtu anaondoka na sifa tupu, kana kwamba waliomzika hawakumjua. Wewe hukuwa Mzaramo, watani wetu wa tangu mababu, wala nani, lakini utani nilikupa mwenyewe siku ile ya moshi.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa Penrith, ughaibuni, nilipomfuata Neema. Nikachungulia uzioni nikaona mzungu mzee, magoti mabovu, amepanua miguu anazungusha rungu hewani kwa nguvu zake zote. Mtu wa Tabora akiona vile anajua jambo moja tu: nyuki. Nikawasha magome makavu kwenye debe nikaja nalo mbio kukuokoa. Ulikohoa, ukacheka mpaka ukakaa chini. Ndipo ukaniambia kwamba hiyo ilikuwa kazi yako, besiboli. Kwamba Marekani na Japani walikuweka miaka kumi na sita, kazi yako uupige mpira uvuke uzio upotelee kwa watazamaji. Hukukimbia sana, hukudaka vizuri. Ulipiga tu.

Nikakuuliza, na ukikosa? Ukasema ulikosa mara nyingi kuliko ulivyopata, kwa sababu anayepiga kwa nguvu zote hawezi kubadili nia katikati. Hapo nikakupenda.

Habari za ushindi ulizisimulia kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Uliyoipenda ni ile ya siku uliyokosa kutwa nzima. Uliniigizia kwa ufagio: mara ya mwisho ukapiga hewa, ukazunguka kama pia, ukakaa chini, kofia ngumu ikakufunika macho, na rungu likaruka likatua kwenye trei ya muuza soda. Uwanja mzima ukacheka, na wewe chini ya kofia ukacheka pia.

Halafu ukaenda kufa wakati wa kufungiwa ndani kwa ajili ya korona. Moyo, walisema. Makaburini waliruhusiwa watu kumi, na ndugu zako wa damu walitimia. Mimi nilikuzika kwa simu ya Neema. Picha ikaganda, padri akakwama mdomo wazi, nami sikuwa na wa kumcheka naye. Walisoma mipigo yako yote iliyovuka uzio. Hakuna aliyesema umewahi kukosa hata mmoja. Nikasema moyoni, huyu hajaagwa.

Jumamosi iliyopita, baada ya kufunguliwa, wakafanya kumbukumbu yako pale uwanjani ulipokuwa ukifundisha. Mkeo Bi Joan alitaka niseme neno. Lakini binti yako Debra alikuja kwetu kabla: mzee aseme mazuri tu, mama bado hajakaa sawa. Neema akaniandikia karatasi. Nikavaa koti, nikavua, nikavaa. Nikikuigiza naweza kumuumiza mjane, na ile ndiyo nyumba pekee mtaani ninayoingia kama kwangu. Nisipokuigiza, umebaki huko kama mgeni.

Nikasimama. Nikasoma mistari miwili, nikaikunja karatasi. Rungu lako walikuwa wamelilaza mezani, kando ya picha. Nikalichukua.

Nilikosa mara tatu, Colin. Ya tatu nikazunguka, mwili huu wa miaka sabini na nne, nikakaa chini kwenye majani, kofia yangu nimeivuta machoni. Nikasikia wale kasuku weupe wanapiga kelele mitini, basi. Chini ya ukingo wa kofia nikaona viatu vya Debra vinakuja kwa hasira.

Ikatoka sauti ya Bi Joan: "Maganga, umekosea. Yeye alizungukia kushoto. Na alikaa muda mrefu zaidi."

Nikaendelea kukaa.

Alicheka ameshika meza, kisha akalia, kisha sikujua ni kipi. Mzee mmoja mliyecheza pamoja akaleta trei ya sandwichi akasimama karibu yangu, akaniuliza nimemsahau vipi muuza soda. Debra mwenyewe ndiye aliyeninyanyua, barakoa imemshuka kidevuni, meno yote nje.

Kwa hiyo umeagwa. Lakini bado situlii, na sasa najua kwa nini. Mimi ataniaga nani? Ulikuwa ukiniigiza ninavyotembea, ukasema unajifunzia siku yangu. Umekwenda na somo lote. Neema atanililia vizuri, lakini kuniigiza hawezi. Ananiheshimu mno, mtoto yule.

Jana nilimwambia hayo Bi Joan uzioni. Akageuka, akaingia ndani. Nikadhani nimemchosha. Leo asubuhi, katika kuzunguka kwangu, nimemwona barazani kwake: mikono nyuma, shingo mbele, anakwenda, anarudi, anakwenda. Nikataka kumwita nimuulize ana wasiwasi gani.

Kumbe ni mimi.

Lala, Colin, mjinga wangu. Nakuahidi nitachelewa kuja huko, tena makusudi, mpaka aniweze vizuri. Mguu wa kulia bado anaukosea.

Mtani wako,
Maganga