Ovidiu Alivyozima Kizuia Matangazo

Crina, umeipata ya Ovidiu? Yule fundi wetu wa kompyuta, bingwa wa vivinjari vya intaneti duniani!

Leo kasimama mbele ya ofisi nzima, skrini kubwa ukutani, eti athibitishe kivinjari chake ndicho chepesi kuliko vyote. "Siri yake ni kizuia matangazo. Sasa nakizima, muone kompyuta inavyolemewa."

Kakizima. KAKIZIMA MWENYEWE, shoga!

Matangazo yakamwagika, yote ya mambo anayoyatafuta kisirisiri. "Kazi za mafundi kompyuta Viena." "Jifunze kuandika barua ya kuacha kazi."

Bosi wetu, Bi Smaranda, akavua miwani. "Viena, Ovidiu?"

Masikini akanong'ona, "Kumbukumbu ya kompyuta... imetumika mara tatu zaidi."

"Nimeona. Kizuia matangazo kiwekwe kwenye kompyuta zote. Yako tu ibaki bila, nijue unaondoka lini."