Cachet ya Papa Constant

Goma, tarehe 10 mwezi wa tatu 2025

Yaya Mukamugema, dada yangu mukubwa,

Yesu asifiwe. Umeamukaje huko Kiwanja? Mugongo je? Na maharagwe yamechipuka? Sisi huku tungali na pumzi, Mungu apewe sifa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye barrière ya barabarani wanafungua simu za watu na kuzisoma. Mama Munezero, yule muchuuzi, ataificha ndani ya gunia lake la chumvi.

Yaya, keti kwanza. Nimeshinda! Tarehe moja ya mwezi huu tulichagua président wa chama yetu ya wauguzi: mimi kura 41, Papa Constant Cubaka kura 38. Mimi A2, mwenye diplome ya sekondari tu, nimeangusha A1 wa chuo cha juu mwenye amekalia kile kiti miaka tisa! Niliwaambia mbele ya wote: "Bomu ilipoanguka kwenye maternité, pale wamama wanazalia, tulimuzika muuguzi mwenzetu Kahindo na blouse yake nyeupe ya kazi juu ya sanduku, Papa Constant akaandika barua ya masikitiko. Mimi sitaandika. Mutu akiingia hospitali na bunduki, atanikuta mimi mulangoni." Walipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakauliza nani ameolewa.

Lakini huyu muzee ananitesa. Amekatalia cachet, ule muhuri wa chama. Unajua kwetu mukubwa hatoki mpaka remise et reprise ifanyike: aweke cachet na funguo mezani, tusaini wote wawili. Kwanza eti meno yanamuuma. Kisha eti karatasi haina en-tête, lile jina la chama pale juu. Nikimufuata ananijibu, "Mama Emerance, bila remise et reprise, président ni mimi." Nafikiri analala na ile cachet kifuani sawa na mutoto wa kunyonya. Uniombee nisimutukane.

Mudogo wako,
Emerance

Kiwanja, tarehe 14 mwezi wa tatu

Mudogo wangu Emerance,

Amani ya Bwana. Mugongo unauma lakini nainama. Maharagwe yamechipuka, mbuzi ya jirani ikayaonja.

Nilifurahi, nikapika na nyama. Kisha nikaogopa. Mwaka jana watu wenye bunduki walifika kwenye shule yetu wakauliza mukubwa wa walimu ni nani. Mwalimu Niyibizi akainua mukono mbio, akifikiri wanaleta chaki. Tulimukuta ndani ya mufereji, mikono imefungwa na kamba ya mbuzi, kichwa sikuelezi.

Yale maneno ya mulangoni uliyasema siku mulango ulikuwa mutupu. Mwache muzee na cachet yake. Usimusukume.

Yaya wako

Goma, tarehe 23 mwezi wa tatu

Yaya,

Leo usiniulize hali.

Alhamisi, saa nne ya asubuhi, waliingia na magari mawili. Walitafuta askari wenye waliumia, wenye wamelala salle ya tatu, kile chumba cha wagonjwa. Walitutoa wauguzi wote wakatukalisha kwenye uwanja, juu ya yale mawe meusi ya volkano. Jua linawaka. Lévi, yule wa pansement, mufunga vidonda, aliuliza kama anaweza kufunga serum, ile dripu ya mugonjwa, kwanza. Walimupiga kitako cha bunduki kwenye mudomo. Nilisikia meno yakianguka kwenye mawe.

Kiongozi wao akasema, "Président wenu ni nani? Asimame atuonyeshe nani askari, nani raia."

Yaya, wote waliniangalia. Hawakuniangalia kwa ubaya. Ni mimi nilikuwa nimesema. Na mulango ulikuwa hapo, hatua kumi. Ulimi wangu ulikuwa sawa kipande cha mbao. Niliinamisha kichwa nikahesabu matundu ya viatu vyangu. Niliomba Mungu wasinione. Hiyo ndiyo sala yangu ya siku ile, nakuambia wewe peke yako.

Papa Constant akasimama. Alijipangusa suruali sawa mutu mwenye anatoka misa. "Ni mimi."

"Sisi tulisikia ni mwanamuke."

"Alichaguliwa, ni kweli. Lakini bila remise et reprise, président ni mimi." Akatoa cachet mufukoni akawaonyesha. Wakacheka. "Muzee wa makaratasi! Haya, tuonyeshe askari."

"Hapa kuna wagonjwa tu."

Waliweka mukono wake wa kuume kwenye ngazi ya salle. Swali moja, kidole kimoja, na kitako cha bunduki. Kila swali alilia kwa sauti, kila swali alijibu vile vile: hapa kuna wagonjwa tu. Vidole vilipoisha walimupiga risasi mbili za kifua pale pale mulangoni. Wakamuruka, wakaburuta wagonjwa tisa kwa kubahatisha, wengine na serum mukononi. Mumoja alikuwa muchoma makaa, si askari wa kitu. Wakatuambia, "Tutarudia wenye kubaki. Mutafute président mwingine."

Nilimuosha mimi. Cachet ilikuwa ndani ya mukono wa kushoto, ilibidi nifungue vidole kimoja kimoja.

Mudogo wako

Kiwanja, tarehe 27 mwezi wa tatu

Mudogo wangu,

Nimelia. Usisaini kitu. Panda na Mama Munezero siku atarudi, kitanda kiko, nimekitandika. Ulinyamaza, ukabaki muzima, hiyo si zambi. Tulibebwa na mama mumoja tu tumboni, wewe na mimi. Kuja.

Yaya wako

Goma, tarehe 5 mwezi wa ine

Yaya wangu,

Yesu asifiwe. Mugongo je? Asante kwa kitanda.

Jana tulifanya remise et reprise. Apolline, mujane wa Papa Constant, alileta funguo. Nilimuambia mbele ya wote kwamba bwana yake alinificha, kwamba alichelewesha makusudi ili kuniokoa. Akaniangalia. "Mama Emerance, usimufanye mutakatifu. Alipenda tu kile kiti." Tulicheka, mimi na yeye, mpaka tukashikana tukalia. Kisha akasaini pa bwana yake. Mimi nikasaini pangu. Cachet nimeiosha mara tatu, lakini ingali inaacha alama ya kahawia pembeni ya wino.

Nakuandikia nikisimama. Magari yamefika kwenye portail, lango kubwa, ni yale yale. Salle ya tatu ina wagonjwa kumi na saba. Mama Munezero anapita na barua hii kwa mulango wa jikoni, nimemuambia asigeuke nyuma.

Wanauliza huko inje président ni nani. Lévi, na ule mudomo wake bila meno, alianza kusimama. Nimemukalisha. Nimemuambia, remise et reprise ilishafanyika.

Ulimi wangu umekauka tena, yaya. Lakini miguu inakubali.

Mudogo wako,
Emerance
Président