Mshika Kibendera Ndani ya Gari

Euless, Jumamosi, Januari 2019

Nimeona waamuzi wabovu wengi, lakini sijawahi kuona mshika kibendera akifanya kazi ndani ya gari. Leo, nusu fainali ya kombe letu la wahamiaji, baridi ilipozidi kipindi cha pili, yule bwana aliegesha kando ya mstari, akawasha hita, akawa anatoa kibendera dirishani.

Vijana wa Gulfton walikuwa wamesafiri kwa saa nne kutoka Houston, wengine wakitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku ghalani. Dakika za mwisho wenyeji wakawafunga bao la kuotea, mfungaji kawazidi mabeki hatua tatu nzima. Kibendera hakikutoka. Refa akaweka mpira kati.

Nahodha wao, Mkongomani, akagonga kioo. "Papa, uliona nini mule ndani?"

"Niliona vizuri. Nenda kacheze."

Kioo kilikuwa cheupe kwa ukungu.

Wametolewa. Baada ya mechi yule mshika kibendera akanifuata. "Kaka, hiyo ya gari usiiandike, bwana. Hapa sote ndugu."

Nimeshatuma ripoti yangu kwa gazeti la jumuiya yetu. Kesho tutakutana kanisani na najua hatanisalimu. Humo rangi ya gari pia nimeitaja.