Kiganja Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi

Kuku wa ukoo mpya wamekua kabla ya siku zao. Vifua vimejaa hadi manyoya hayatoshi kuvifunika. Hawa ndio tuliowazimia ile jeni inayouambia msuli, basi, inatosha. Bwana Kifua — bosi wetu, jina tumempa sisi, mwenyewe hajui — alizunguka banda zima akitabasamu peke yake.

Mimi sikutabasamu. Wako kimya mno. Banda la kuku halinyamazi hivyo.

Jumanne, 4 Machi

Miguu imeanza kuwashinda. Kifua kimekua, miguu imebaki ile ile. Kupima ni kazi yangu: unaweka kiganja mgongoni kwa kuku aliyelala, unasukuma kidogo, unangoja. Akiinuka, anarudi kwa wenzake. Asipoinuka, kapu jekundu — anachinjwa. Kumsaidia hakuna. Ukimsaidia umeharibu kipimo.

Kapu lilijaa leo. Mmoja aliniangalia muda wote niliokuwa nangoja. Nimenawa mikono, nikanawa tena. Kiganja bado kina joto lake.

Jumatano, 5 Machi

Nilimsimulia mdogo wangu wakati namnyoosha miguu. Yake misuli inakwisha mwaka hadi mwaka, ya kuku wangu inafurika. Akasema huko juu mbinguni kuna karani amechanganya mafaili. Sisi hucheka kila kitu, hata ugonjwa wake. Kiti cha magurudumu tu ndicho hakitaniwi. Daktari kasema akishindwa kuinuka mwenyewe, basi ni kiti. Yeye ameapa hatakikalia.

Akauliza, hiyo breki mliyowatolea kuku, si mnitolee na mimi? Nikamwambia jeni yake ni nyingine kabisa, na kuku wenyewe wanakufa kwa moyo. Akasema afadhali afe na kifua. Tulicheka hadi mama akaja kuchungulia.

Halafu akataka kuona nawapimaje. Nikamwonyesha kwa mto, na sheria ya kutosaidia, na kapu. Sijui kwa nini nilikubali.

Ijumaa, 7 Machi

Kapu. Kapu. Kapu.

Bwana Kifua anasema tusivunjike moyo, kizazi kijacho kitakuwa na miguu. Sawa. Ila nimeanza kuwasikia hata nyumbani — kucha zinakwaruza sakafu, kuku anajaribu kuinuka. Mchana kweupe nimeinama kutazama chini ya kitanda, mtu mzima mimi! Hakuna kitu. Naogopa, na sina wa kumwambia isipokuwa mdogo wangu, na yeye ndiye siwezi kumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi mdogo wangu alianguka kwenye korido akienda bafuni. Nilimfikia kabla ya mama. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja mgongoni kwake, nikasukuma kidogo.

Nikangoja.

Sikuwaza. Mkono ndio uliokuwa unajua kazi. Alikuwa anakwaruza sakafu kwa kucha, nami natazama goti lake kama litashika. Muda gani, sijui. Hadi akageuza shingo akaniangalia — macho yale yale. Akauliza taratibu, dada, kapu liko wapi?

Mama akaja, tukamwinua, tukamlaza kitandani. Mama hajaelewa kitu. Anauliza kwa nini hatusemeshani.

Amemwomba mama afunge mlango wa chumba chake, nisiingie. Naandika hapa hapa koridoni, sakafuni alipoangukia. Nimemwambia kupitia mlangoni, mdogo wangu, nisamehe, nikusaidie uoge. Akasema, usinisaidie, utaharibu kipimo. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Sasa ameanguka tena, nimesikia kishindo. Anajaribu kuinuka peke yake. Kucha sakafuni. Kimya. Kucha tena. Mama yuko uani, hajasikia. Mlango hauna hata ufunguo, ni kusukuma tu. Kiganja changu kiko kwenye mlango.

Nangoja nini