Kompyuta Iliyokataa Sauti ya Mama

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mzima, ila kompyuta imenitoa roho, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Mashine ile sitaki hata kuiona.

Jumamosi nilimketisha Mama sebuleni, nikafunga madirisha, nikamrekodi akisimulia alivyokutana na Baba, na ulivyomeza kifungo cha shati akakimbia nawe hospitali bila viatu. Alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza nikabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikaniambia faili halipatikani. Lipatikane vipi, na mimi ndiyo kwanza nalitengeneza? Nikabadilisha jina, nikabadilisha folda. Wapi.

Nikampigia fundi wa ofisini kwetu. Akasema nizime, niwashe tena. Nikamweleza nikizima tu, kila kitu kimepotea. Basi niondoe ulinzi wote, akasema. Nikakataa, maana unakumbuka kirusi kilivyokula picha za Baba. Akaniambia, huku akitafuna kitu, “Kwani shida nini, dada? Si umrekodi tena?”

Nilimkatia simu. Mama akauliza kama mashine imechukia hadithi zake.

Fundi akapiga mwenyewe, akaomba radhi. Kumbe ulinzi tuliouweka baada ya kirusi huzuia programu ngeni isiandike chochote kwenye folda zetu, na hiyo ya kurekodi niliiweka asubuhi ile ile. Akanielekeza kwenye mipangilio ya usalama, nikaiongeza kati ya programu zinazoruhusiwa. Nikabonyeza tena. Ikahifadhi kimya kimya, kama vile haijawahi kugombana na mtu.

Sasa nikueleze kwa nini nisingeweza kumrekodi tena. Jumatatu Mama alifanyiwa upasuaji. Ule ukavu wa sauti haukuwa mafua kama tulivyokuambia, ulikuwa uvimbe. Wameondoa sehemu yote ya koo inayotoa sauti. Alinikataza kukuambia kabla. Alisema ungekuja kulia mbele yake, naye alitaka kucheka. Nisamehe. Anaendelea vizuri, daktari ameridhika.

Rekodi iko kwenye flashi niliyoifunga na barua hii. Isikilize ukiwa umekaa, kisha mpigie. Usingoje aseme halo. Zungumza wewe, yeye atagonga simu kwa kidole: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jana nilimuuliza kama amekukasirikia kwa kukaa kimya mwezi mzima. Akagonga mara mbili. Akafikiri kidogo, akagonga mara moja.

Wifi na watoto wabusu kwa niaba yetu sote.

Ni mimi, mdogo wako