Hapandi Mtu Bila Kupita Kwetu

Mume wangu, Baba Zainabu,

Najua huko uliko husomi, na hata ulipokuwa hapa kazi ya kusoma ulikuwa unaniachia mimi. Nakuandikia hivyo hivyo, maana kuna neno limenikaa kooni tangu jana.

Unakumbuka ulivyohamia hapa, kwenye shamba la ukoo wa mama yangu? Nyumba ya mwisho kabla ya msitu wa mlimani. Waongoza wageni wenzako wakakucheka, eti umeolewa wewe. Ukawajibu, "Mnaopanda ni nyinyi, mimi nimeshafika." Haukupita muda wote wakawa wanapita uani kwetu na wageni wao, wanapiga hodi na kuaga: tunapanda, tutarudi alasiri. Wewe ndiye uliyewazoesha. Ulisema mlima hauna mlango, basi mlango tuwe sisi. Mimi nawapa chai ya mchaichai, wewe unatazama ukungu. Ukisema leo haupandiki, haupandiki, mgeni akunje uso asikunje. Nilikupenda kwa ubishi huo, ingawa nikikuomba uzibe bati linalovuja, ubishi huo huo ulinitia wazimu.

Kisha likaja lile kundi na kiongozi wao wa mjini. Alijua utamzuia kwa mvua ile, akawazungusha kwa njia ya migombani, hakuaga mtu. Jioni tukasikia wamepotea. Ukachukua tochi. Nikakuambia usubiri kupambazuke, ukasema, "Watoto wa watu wale." Kumbe walikuwa wameshateremkia upande wa pili, wazima, wako mjini wanakula chipsi. Wewe tulikuokota korongoni.

Sasa sheria imekuja. Msitu ni wa serikali, ni wa wote, lakini anayeongoza wageni bila kibali hapandi, na kila kundi sharti lijiandikishe hapa kwetu kwanza. Kukagua nimepewa mimi. Nimevalishwa hata fulana ya kijani, inanibana kweli, ungecheka mpaka ukae chini.

Jana akaja mdogo wako Shomari na wageni wake. Kibali hana, na wingu limekifunika kilele chote cha Lupanga. Nikamrudisha. Akasema mbele ya watu, "Shemeji, kaka alipanda huku maisha yake yote bila karatasi. Leo wewe mkewe ndiye unatufungia njia?"

Nikamkaribisha chai, akakataa. Shomari kukataa chai yangu, wewe unamjua! Wanawe wanakula kwa mlima huu huu, Baba Zainabu, na mimi nawapenda kama wangu. Imeniuma hata leo nimeunguza maharage.

Nimewaza usiku kucha ungesema nini. Nitakwenda kwake kesho, nitamwomba radhi kwa kumwaibisha mbele ya wageni, na nitambembeleza aende mafunzo ya kibali. Lakini njia simfungulii. Akinuna, na anune. Mtu aliyenuna anarudi nyumbani jioni, anakula, analala na mkewe.

Sheria hii ingewahi kidogo tu, nawe ungekuwa hapa ubavuni pangu unakoroma, nami nakusukuma ugeukie ukutani.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Zainabu