Swali la Kumi na Nne Nililowaonjesha Wanafunzi Wangu

Mshauri, nakuandikia kabla Ijumaa haijafika, tafadhali nisaidie. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari hapa Duluth, Marekani, tuko watatu tunaofundisha kidato kimoja, na tangu mwaka juzi tunatunga mtihani mmoja kwa madarasa yote, kila mtu analeta maswali yake, tunayapigia kura, yakishapita hakuna ruhusa kuyagusa darasani, na kusahihisha tunagawana kwa swali ili mtu asipendelee wanafunzi wake. Mwaka jana matokeo yalipobandikwa ukutani darasa langu lilishika mkia, na mwenzangu Gordon Ekstrand akanisogezea donati mbele ya wote akasema, "Kula dada, lazima mtu awe wa mwisho," wakacheka, mimi pia nikacheka, lakini iliniuma jamani, iliniuma.

Basi mwaka huu swali langu likapita, la kumi na nne, mpira wa theluji umerushwa juu ya gereji, utafute ulifika juu kiasi gani, alama nane, na wiki ya marudio nikawapa wanafunzi wangu swali lilelile, nikabadilisha namba na kuweka ghala badala ya gereji, nikajiambia huku si kuvujisha, ni mazoezi tu. Halafu kulisahihisha nikapangiwa mimi! Karatasi za kwangu zote zina hatua zilezile hadi mchoro uleule, za Gordon nyingi tupu, na mimi nikanyamaza. Sasa mkuu wa idara, Bi. Pruitt, anataka Alhamisi niwaeleze wenzangu mbinu yangu ya kufundisha, mbinu gani mimi! Na Ijumaa inatoka orodha ya watakaoingia hesabu ya juu, nafasi ishirini na nane, na Tessa Bjorklund wa darasa la Gordon ameikosa kwa alama tatu, binti anataka uhandisi, alinisimamisha koridoni akauliza, "Mwalimu, kwani ile ya theluji na sisi tulifundishwa?" nikamjibu angesoma zaidi. Nikisema, nitaaibika na baadhi ya wanafunzi wangu watatolewa kwenye orodha, nikinyamaza siwezi hata kumtazama yule mtoto. Nifanyeje?

Mwalimu Asiyetulia

*

Mwalimu, pole, lakini ngoja kwanza nikugombeze. Umebadilisha namba ukaita mazoezi? Mwanafunzi angekuletea kisingizio hicho ungempa sifuri na kumwita mzazi wake siku hiyohiyo.

Naelewa ile donati ilikukaa rohoni. Ulikuwa utani mbaya, na kuwabandika walimu ukutani kama wakimbiaji ni upuuzi, kamwambie Bi. Pruitt hivyo siku nyingine. Siku nyingine, nimesema. Tessa hakuwepo mlipokuwa mnachekana, ila ndiye anayeumia.

Usingoje Alhamisi. Kesho kabla ya kipindi cha kwanza gonga mlango wa Bi. Pruitt, ile karatasi ya marudio ikiwa mkononi, na usianze kwa kumlalamikia Gordon. Omba swali la kumi na nne lifutwe kwa madarasa yote, alama zihesabiwe upya kwa maswali yaliyobaki, orodha ipangwe upya. Wanafunzi wako watakaotoka, waambie wewe mwenyewe kwamba kosa ni lako, usimtume mtu. Watakununia, pengine hadi mwisho wa mwaka, nawe utavumilia. Huenda ukapewa onyo pia, lipokee. Alhamisi simama uieleze hiyo mbinu yako yote, na Gordon akitaka kucheka mwache acheke.

Halafu nenda koridoni ukamtafute yule binti, hata kama baada ya kuhesabu upya bado hana nafasi. Alikuuliza swali la kweli ukamfukuza kwa uongo. Mjibu sasa: "Hapana, Tessa, nyinyi hamkufundishwa. Niliwafundisha wangu tu."